Mzunguko Mmoja na Nusu

Siku ya tatu sasa tangi halijai.
Ukivuta, maji yanashuka kama kawaida,
kisha kinachorudi ni uzi,
uzi mwembamba unaosononeka ndani ya kauri
dakika kumi na moja
(nimepima kwa saa ya kazini;
saa ya dereva wa tramu haidanganyi).
Haba na haba, ndiyo. Lakini kibaba hiki
kinagombaniwa na watu watatu kila asubuhi,
na Sarolta amesimama mlangoni, mswaki mdomoni,
ananiuliza kwa macho.

Jumapili nikavua pete, nikakunja mikono ya shati.
Mfuniko nikaulaza juu ya taulo, taratibu,
maana ukivunjika hakuna mwingine:
kiwanda kilichoufinyanga kilikufa kabla ya baba yangu.
Ndani, maji baridi, mstari wa kutu,
na boya likielea kama yai lisilo na haraka.

Boya nikaliinua, likashuka; nikalizamisha, likapanda.
Nikalitikisa sikioni: tumboni hamna maji.
Mnyororo haukujisokota.
Kizibo nikakipapasa ukingoni
kama mtu anayetafuta jino bovu la mtoto.
Kimekaa. Hakivujishi hata tone.
Basi ni vali. Lazima ni vali.
Maji ya Miskolc yana chokaa,
yanaota mvi ndani ya birika.
Nikatoa kichujio, kidogo kama kucha,
nikakilaza usiku kucha katika siki ya achari,
nikakisugua, nikakirudisha, nikavuta.

Uzi.

Bwana Gerzson wa ghorofa ya chini
akapanda na spana mbili na maoni manne.
Alisema ni presha ya jengo. Alisema ni serikali.
Alisema vali za siku hizi ni plastiki, kama ahadi.
Akanywa glasi mbili za pombe ya plamu,
akasema la nne: nunua choo kipya.
Wakati wote huo Emőke, binti yetu,
alikuwa jikoni akila mkate polepole mno.
Hakuuliza kitu.
Mtoto anayeuliza kila kitu.

Jumatatu usiku nati iliniponyoka.
Nikainama kuitafuta, shavu kwenye vigae,
nikaiona koki ya ukutani, nyuma ya bakuli,
mahali ambapo ufagio haufiki.
Kila kitu pale kina vumbi la miaka.
Koki haina vumbi.
Ina alama za vidole vitatu vyembamba
na chembe ya rangi ya kucha, zambarau.

Nilikaa sakafuni.
Nikakumbuka mluzi wa lile tangi likijaa
saa nane za usiku, ukuta mmoja na kitanda chetu;
Sarolta akishtuka, akitazama saa,
akitoka koridoni na gauni la kulalia:
“Ndiyo kwanza unarudi?”
Na kweli, wiki hii tumelala fofofo,
tukipongezana kwamba mtoto ametulia.

Na nani alimfundisha, akiwa na miaka tisa,
kwamba kabla ya kugusa bomba lolote
unaanza na koki?

Nikaifungua, mzunguko mmoja na nusu.
Tangi likajaa kwa dakika moja na sekunde tano.
Sarolta akanibusu kwenye upara.
Gerzson akasema serikali imesikia.

Ijumaa, saa tisa kasorobo usiku: ufunguo.
Soksi juu ya mbao. Mlango wa choo.
Mkono usio na habari ukavuta,
na ule mluzi ukapanda, ukapanda, ukajaza nyumba.
Nyayo ziliganda katikati ya korido.
Sarolta akageuka, jicho moja wazi.
“Nini hicho?”
“Maji,” nikasema. “Yanajaa vizuri sasa. Lala.”

Asubuhi nikainama tena.
Koki imerudishwa, lakini nusu mzunguko tu.
Dakika tatu na kidogo.
Nikaiacha hivyo.