Kisanduku cha Pili

Nalipwa kuhesabu mabusu.
Nina saa ya kupimia mbio, kalamu ya risasi,
na fomu yenye visanduku vinne:
ukatili, hofu, ngono, vileo.
Saa tisa alasiri, na giza limeshaingia Kuopio;
ziwani barafu imekaza hata malori yanapita.
Chumba namba tatu, tuko wawili,
mimi na Pentti na kahawa yake isiyokwisha.

Filamu ni ya Saimi na Joonas.
Msichana ana miaka kumi na mitano, mvulana kumi na saba,
na pikipiki, na nywele zinazomwangukia machoni
kila anapotaka kusamehewa.
Busu la kwanza: dakika ya ishirini na tatu,
nyuma ya uwanja wa hoki, sekunde nne.
La pili sekunde sita, limekatizwa na mbwa.
Kisha sauna: nyanya, mama, shangazi, Saimi,
uchi wote, wanamwaga maji, mawe yanafoka mvuke.
Hiyo siihesabu. Kwetu uchi wa sauna
ni uchi wa yai lililomenywa.
Tusi moja, tena la nyanya.

"Safi kama maziwa," asema Pentti. "Kumi na mbili.
Tufunge, twende zetu."

Ngoja, nikamwambia.
Dakika ya thelathini na moja anamvisha koti lake.
Dakika ya arobaini anamwomba simu, aione tu.
Anafuta jina. Anafuta jingine.
Marafiki wanapukutika,
na Saimi anacheka, kwa kuwa naye anacheka.
Dakika ya hamsini na nane amesimama mlango wa shule,
theluji mabegani, hajaitwa,
jana alikuwapo, juzi alikuwapo,
na violini zinaanza,
zinatuambia: tazameni kijana anavyopenda.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo yenyewe ni lile koti.

Hilo halina kisanduku.
Hapigi. Hatukani. Hanywi hata bia.
Wiki iliyopita filamu nyingine tuliipa kumi na sita
kwa sababu ya vijana watano, walevi, wakiogelea uchi;
na mmoja alipotapika, wenzake walimshika nywele,
wakamfunika taulo, wakamsindikiza hadi kwao.

Jioni nikamuuliza binti yangu Hilja, ana kumi na tatu
(sikutaja filamu, kiapo ni kiapo):
mvulana akikungoja mlangoni kila siku, na hukumwita?
Hakuinua macho kwenye sahani.
"Inategemea," akasema, "kama anapendeza."
Akaongeza viazi.

Nilitaka kucheka. Badala yake nikaosha sufuria
iliyokuwa safi.
Nilipokuwa na kumi na sita palikuwa na Taisto,
kituo cha basi, mvua ya Oktoba,
na mama dirishani, anaona fahari:
"Huyo anakupenda kweli, tazama anavyolowa."
Miaka kumi na moja nililala upande wa ukutani.
Ungekuja na saa yako ya kupimia
usingeandika kitu.

Asubuhi nikajaza fomu.
Ngono: hamna. Vileo: hamna.
Ukatili: nikasita. Hamna.
Kisanduku cha pili nikakitia alama,
nikaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.
Kwenye umri nikaandika kumi na sita,
kisha nikawaza: wa kumi na tatu wataiona tu,
chini ya blanketi, violini masikioni,
na hapana mtu wa kuwauliza lolote.
Nikafuta. Nikaandika kumi na mbili. Nikafuta.
Pale pamebaki wingu la kijivu.

Pentti akasoma, akavua miwani.
"Hofu? Jinamizi liko wapi?"

Nikairudisha filamu hadi mlango wa shule,
nikazima sauti.
Tukatazama tena, bila violini.