Darasa la Jioni, Kiboriloni

Mwalimu Aikande anagonga ubao:
"Kiingereza nacho kina li na me yake.
Ukitaja siku, mlango umeufunga: li.
Jambo likiwa bado lina moto, me."

Sisi wapagazi tunanakili,
mabega yakinuka mafuta ya taa.

Naandika kwa Kiingereza changu cha mlimani:
Elinami ameondoka Jumanne ile ya mvua.
Kalamu nyekundu inapita. Umetaja siku.

Kweli, nimeitaja.
Ila mama hajaligawa koti lake,
na kila Desemba, watu wakirudi Uchagani,
anatandika kitanda cha pili,
anakung'uta mto.

Nafuta Jumanne. Nafuta na mvua.
Inabaki: Elinami ameondoka.

Mwalimu anasoma, anaweka vema.
Haniulizi lini.