Sifuri Nayo Ina Siku Yake

Mwaka mzima mashine yangu ya alizeti
imelala Kibaigwa chini ya turubai,
kuku wanatagia mdomoni mwake,
pale pa kumwagia mbegu.
Mvua mbili tu. Sikukamua hata chupa.

Nikasema: kisichokuwepo,
nikakitangaze kwa nani?

Leo, Dodoma mjini, dirisha la nne,
kijana mpole ananigeuzia kioo cha kompyuta:
"Mama, hata ritani ya sifuri ina siku yake.
Hii si kodi. Ni adhabu ya kuchelewa."

Kuchelewa!
Mvua ilipochelewa, nani aliipiga faini?
Mzee Chilongani ana hela yangu ya mashudu mwaka wa tatu;
tukikutana namuulizia mbuzi,
hela simuulizi.

Hayo niliyameza. Nikavaa miwani,
tukaandika barua ya kuomba wanipunguzie.
Kwenye "sababu" kalamu yake ikasimama.
"Andika," nikamwambia,
"sikujua kwamba kukosa nako kunahesabiwa."

Akafikiri kidogo.
Akaandika: ukame.

Nimefika nyumbani giza limeingia.
Nimepapasa chini ya turubai:
mayai matatu.

Nimeyaandika.
Na tarehe.