Kamba ya Punda, Kondoa

Bubu ulipokauka, mchanga hadi ukingo,
kwa adhana nikatoka: jembe, punda na mpango.
Kumfunga sikutaka: "Yuko Mola, si uongo."
Nikageuka haraka: punda yu kwenye matango!

Bi Sihaba kasimama, kamba akaniletea;
tusi moja hakusema, wala hakunikemea:
"Katufundisha Hashima: funga, kisha tegemea.
Punda hajui kusoma nia ulojiwekea."

Nikafunga kwa mgunga, fundo tatu nikakaza.
Wa Kingale wakalonga: "Vikono hivyo vyaweza?"
Maisha yangu kuchunga mbuzi; kisima ni kiza.
Ndoo kwetu zajipanga, kavu, zinaniuliza.

Nilichimba mara tano, kingo zikaporomoka.
Moyo ukaleta neno: "Wee huwezi, umechoka."
Nikajibu: "Hii mikono mimi sikujipachika;
Aliyezipanga kano ajua zitapofika."

Jua kali, mle ndani maji yakaja membamba.
Dumu la kwanza begani: malipo ya lile shamba.
Adhuhuri, mchangani, nikasali, sikutamba.
Leo nikiwa njiani: dua, jembe, punda, kamba.