Bado Chumba

Mhuri wa chuo ulikuwa wa zambarau,
umelalia upande, kana kwamba aliyeugonga
alikuwa anaitwa chai.
"Kwa Anayehusika," ilianza barua.
Nikatia nakala kumi na tisa katika bahasha ya kaki
nikaingia Kampala kumtafuta anayehusika.

Kamwokya hakuwapo.
Bukoto alikuwapo, ila mkutanoni,
tangu Jumatatu hadi Alhamisi.
Kabalagala, ghorofa ya tatu, kijana mmoja
aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba
akauliza kama nina kamera yangu.
Sina. Kompyuta ya kuhariria? Sina.
"Sasa umekuja kujifunza nini, na huna kitu?"
Nilitaka kumwambia swali lake ndilo jibu langu.
Nikasema asante. Mama alinilea hivyo.

Mafunzo ni wiki kumi. Tatu zilikwisha.
Nabbosa alishapata kwa mjomba wake wa televisheni,
Kirungi anazipiga picha keki za harusi,
mimi nina nakala sita
na kiatu cha kushoto kilichoanza kufunua mdomo.

Ntinda, lango la kijivu.
Askari alinikatalia kwa Kiganda
nami, kwa uchovu tu, nikamjibu kwa lugha ya nyumbani,
Kiswahili cha kambi ya polisi ya Naguru,
kile walichokicheka shuleni
wakisema ni cha kuulizia watu vitambulisho.
Akanitazama upya.
"Mtoto wa nani?"
"Wa Sajini Ezaruku. Laini ya nne, karibu na bomba."
"Ezaruku wa tarumbeta?"
"Huyo."
Hakutabasamu. Alifungua lango
upana wa mtu mmoja mwembamba.
"Ukiulizwa, mimi nilikuwa msalani."

Ndani, mshika fimbo ya maikrofoni hakuja,
simu yake imezimwa, na jua halimsubiri mtu.
Ssebaduka, fundi wa sauti, hakuisoma barua.
Alisoma mikono yangu.
"Inua hii dakika nne, usitetemeke."
Nilitetemeka ya pili.
"Vizuri," akasema. "Angalau hukuapa kwanza."

Siku hiyo nilikunja waya hadi vidole vikajua njia,
nikatumwa roleksi nane, moja bila nyanya,
nikaitwa "wewe", halafu "binti", halafu, saa kumi,
mtu akauliza jina. Driciru, nikasema.
Akaliandika kwa kalamu kwenye utepe
akanibandika begani kama mzigo wa uwanja wa ndege.

Jioni, waigizaji walipokwisha kufuta machozi yao,
Bi Kyomukama mwongozaji akataka taa zizimwe.
Ssebaduka akainua kidole. "Bado chumba."
Nikadhani ametaja mtu.
Kila nyumba, akaninong'oneza, ina ukimya wake,
na ukimya wa Entebbe hauzibi tundu la ukimya wa Ntinda.
Tunauchota sasa, baadaye tutautia viraka.
Sekunde thelathini. Hakuna kupumua kwa fujo.

Watu kumi na wanne wakaganda walipokuwa,
mmoja kikombe kikiwa nusu ya safari ya mdomo,
Bi Kyomukama mguu mmoja ndani ya kiatu.
Masikioni mwangu friji ikaguna, ikatulia.
Kaloli juu ya mabati akahamisha uzito wake.
Mbali, boda ikabadili gia, ikilalamikia kilima.
Kisha, kubwa, karibu, tumbo langu.

"Nani hajala?" akauliza Ssebaduka.
Roleksi zilikuwa nane. Sikujihesabu.
Kikombe kikashushwa. Mtu akanimegea chapati yake,
nikatafuna huku kumi na watatu wakinisubiri,
nikameza, nikainua fimbo.
"Tena."

Malipo ni mchana wa posho na maharage,
nauli siku zikiwa njema.
Fomu ya chuo aliijaza akiiegemeza kwenye sanduku la betri.
Penye *Majukumu ya mwanafunzi* alifikiri kidogo,
akaandika: Kunyamaza.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
mara ya pili, vizuri.