Watasema

Shangazi alisema kizuri chajiuza.
Nikapanga sabuni, chanuo, shuka kuukuu,
nikaandika mlangoni kwa rangi ya kijani
iliyobaki kwenye lango la shule:
HUDUMA ZA MBWA NA PAKA. SOMOE NANG'UNDE. NEWALA.
Miezi mitatu
kizuri changu hakikuvuka hata kizingiti.
Waliokuja walikuja kucheka,
na mmoja kuuliza kama nanunua.

Redioni, ghorofani juu ya duka la magodoro,
tangazo la nusu dakika ni elfu ishirini.
Nilikuwa na elfu mbili na miguu.
Nikaacha barua: mimi ni hodari, mimi ni nafuu,
mimi, mimi, mistari kumi na minne.
Chinduli, mtangazaji wa asubuhi, aliisoma kwa jicho moja.
"Dada, hii si habari. Hii ni wewe."

Nilishuka ngazi nikimchukia.
Nilipofika sokoni nikaona amesema kweli,
nikamchukia zaidi.

Julai, pampu za salfa zikaanza kunguruma mikoroshoni.
Vumbi la njano likatua juu ya majani, juu ya kanga kambani,
juu ya mgongo wa Watasema,
mbwa wa mzee Mtipa, mlinzi wa shamba
(jina lile aliwapa majirani, si mbwa).
Macho mekundu kama ya mfiwa,
anajilamba, anatapika, anajilamba tena.
Nikamfuta kwa kitambaa kichwa hadi mkia.
Siku ya tatu akabweka.

Safari hii jina langu nililiweka chini kabisa, dogo.
Juu niliandika:
Salfa inawaumiza mbwa wanaolinda korosho zenu.
Naweza kueleza la kufanya kabla bwana mifugo hajafika.
Mbwa ninaye. Dakika zozote mtakazonipa zinatosha.

Alhamisi, mgeni wa chama cha msingi hakutokea.
Simu ikaita: "Una dakika saba. Uko wapi?"
Nilikuwa nafua.
Nilikimbia na povu viwikoni,
Watasema mbele, akidhani tunafukuza mwizi.

Sikutaja bei. Sikutaja mlango.
Nilisema: mfungeni upande upepo unakotoka.
Nilisema: mfuteni kabla hajajilamba,
na macho ni maji safi, si maziwa, si mate ya bibi.
Chini ya meza Watasema alipiga mwayo,
wilaya nzima ikausikia.

Ndipo akapiga mwanamke, sauti kavu:
"Ndoo huku kwetu mia saba. Wanangu wanaoga kwa zamu.
Huyo mbwa wako anaogeshwa kwa maji ya nani?"

Chinduli akanitazama.
Sekunde za redioni ni ndefu, zina kucha.
"Kwa maji ya suuza, mama. Ya nguo zangu mwenyewe.
Bakuli moja na kitambaa. Safi ni ya macho tu,
kikombe cha chai, nacho hakijai."

Kimya.
Kisha akacheka, na haikuwa dharau.
"Basi mimi nina paka."

Mwisho kabisa, kidole kikiwa kwenye swichi,
Chinduli akauliza kama mtu anayeomba chumvi:
"Na anayekutaka akupate wapi?"
"Nyuma ya mashine ya kusaga. Mlango wa kijani."
Elfu ishirini nilizozikosa
ziliingia zote katika pumzi ile moja.

Jumamosi walikuja mbwa kumi na mmoja,
mbuzi mwenye upele, ambaye sikumtangaza,
na mtoto mwenye kobe, akitaka ang'arishwe.
Mzee Mtipa alikaa kizingitini akipanga foleni
kana kwamba redio ni yake.

Jua lilipokaribia kuzama akaingia mwanamke,
paka kapuni, galoni mkononi.
Sauti niliijua kabla ya uso.
Hakusalimia. Alitua galoni,
maji meupe kidogo, yananukia nguo za watoto.
"Nimekuja na yangu," akasema.