Isipokuwa

Mara ya kwanza nilipata thelathini na nane.
Mara ya pili, arobaini na moja.
Mtihani wa watu wazima wanaotaka kusomea sheria
hauulizi umebeba majalada miaka mingapi.
Unakupa kifungu kirefu cha Kiingereza,
maswali saba, dakika kumi na tano,
na saa ya ukutani inayotafuna kama mbuzi.

Mimi ni karani wa masjala, mahakama ya mwanzo.
Majalada nayajua kwa uzito na kwa harufu:
mirathi hunuka kabati,
kesi za mipaka zina vumbi jekundu kwenye mikunjo.
Kusoma nasoma.
Kuelewa nikadhani ni kitu kilekile.

Nikaanza kutafuta mwalimu.

Wa kwanza, Area D, alikuwa na feni na ubao mweupe.
Elfu ishirini kwa saa.
"Kifungu usikisome," akasema, "soma maswali,
kisha ingia uwinde jibu."
Niliwinda wiki tatu, nikarudi na manyoya.
Wa pili, kijana wa chuo kule Ng'ong'ona,
alifundisha huku akibembeleza mchumba kwenye simu;
mambo ya mchumba niliyaelewa vizuri sana.
Wa tatu hakutokea. Nauli yangu ndiyo iliyotoka.

Ni Lazaro wa mashine ya kurudufu aliyeniambia:
"Kuna mama yuko Chadulu,
kachapa maneno ya Bunge miaka ishirini na sita,
neno kwa neno. Nenda."

Bi Yunisi Chilewa hakuuliza cheti.
Aliuliza kama naweza kubeba ndoo mbili kwa mpigo,
maana ilikuwa siku yao ya mgao wa maji.
Nikabeba. Ikawa ndiyo ada,
pamoja na kilo ya zabibu kila Jumamosi.

Somo la kwanza: risiti ya umeme.
La pili: tangazo la msiba, kalibandua nguzoni
(arobaini ilikuwa imeshapita, akajitetea).
"Nani anasema? Anamwambia nani? Amekwepa nini?"
Kisha vile vifungu vya Kiingereza,
kila penye "lakini" akipazungushia wino mwekundu:
"Hapa gari limekata kona. Wewe umelala kwenye kiti."

"Nimechapa watu," alisema akimenya zabibu kwa meno,
"waliosema saa nzima wasiseme kitu.
Na mmoja aliulizwa swali, akakohoa.
Kikohozi hakichapwi.
Lakini jibu lilikuwa hicho."

Wiki ya tano akataka nilete karatasi yangu mwenyewe,
ile ninayojua kwa moyo.
Nikaleta ya marehemu baba, kutoka kopo la biskuti:
*Shamba la mizabibu la Hombolo namwachia mdogo wangu Chiduo,
alitunze kama nilivyolitunza, isipokuwa*

Akanisimamisha. "Rudia."

*isipokuwa mistari minne ya upande wa korongo,
ambayo ni ya mama watoto muda wote wa uhai wake.*

Miaka tisa nimeisoma karatasi hii.
Miaka tisa naishia kwenye "nilivyolitunza"
kwa sababu hapo ndipo ninapolia.

Na zile zabibu za Jumamosi,
nilizozipima kwa bei ya ndugu pale Majengo,
nilikuwa nanunua kwa baba mdogo.

Nikampigia mama. Upepo ulikuwa mkali upande wake,
nikarudia mara mbili: mistari minne, korongo, yako.
Akanyamaza, kisha akasema:
"Najua. Alinisomea siku aliyoandika.
Nilidhani nanyi mmesoma, mkaamua kunyamaza."

Mtihani ni Alhamisi.
Baba mdogo sijamwambia neno.
Jumamosi nilimpelekea Bi Yunisi mapapai, hakuuliza.
Usiku naacha vifungu, narudi kwa ile sentensi ya mama:
nani anasema, anamwambia nani,
na pale alipokohoa kidogo kabla ya "mkaamua",
sijui nipazungushie wino gani.